Kopo la Senene la Mama

Jumatano, 18 Februari 2026

Nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Lifti imekufa tena. Ghorofa ya tisa kwa miguu, Koku mgongoni, Bianca ananing'inia mkononi. Kigari cha mtoto nimekiacha chini, atakayekiiba akiibe.

Baba Bianca amerudi na majivu ya Kwaresima usoni. Alipitia kanisani moja kwa moja kutoka kiwanda cha mikate, kwa hiyo juu majivu, chini unga. Nimecheka sana. Kisha akaharibu — Pasaka wanabatiza watoto, keshamwandikisha Koku. Bila kuniuliza!

Nimemwambia mtoto abatizwe, simzuii. Ila wazazi huulizwa mbele ya watu kama wanasadiki, na mimi sitajibu. Siwezi kumpeleka mwanangu kwa Mungu mara ya kwanza na uongo mdomoni. Akaniangalia. Akaenda kulala.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu hiyo. Siwezi kumwambia mtu, basi niandike. Mama alifariki tarehe mbili Desemba, kwetu Kamachumu. Mimi mimba ya miezi minane, ndege hainichukui. Nikamzika kwa simu, nimekaa ukingoni mwa bafu ili Bianca asinione. Padri akasema, mpokee mtumishi wako — mtandao ukakatika. Hata jina lake sikulisikia. Toka siku hiyo mimi na Mungu hatusalimiani.

Jumapili, 22 Februari

Bosibori kapanda kutoka ghorofa ya sita kumsuka Bianca. Huyu ni Mkisii, tulikuwa tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee kabla sijajifungua. Mdomo wake hauna breki.

"Mathe, huyu mtoto unangoja afike umri wa kupiga kura ndio abatizwe?"

Nikamwambia asuke anyamaze.

Akafungua friza kutafuta barafu. "Na hiki kikopo kimefungwa kama maiti ni cha nini?" Nikapiga kelele mpaka Koku akaamka. Ni senene, panzi wa kwetu. Mama aliwachambua na kuwakaanga Novemba, akawatia kwenye kopo la siagi, akalifunga na kipande cha kanga yake. Msafiri akaleta Januari, Mama mwenyewe keshazikwa. Sijalifungua. Lile fundo ni la mikono yake.

Bosibori akafunga friza taratibu, barafu kaisahau. Halafu akasema tarehe nane Machi kuna misa ya Kiswahili, na chai na mandazi. "Kama huna maneno na Mungu, njoo uongee na mandazi."

Jumapili, 8 Machi

Nimekwenda! Na nimeaibika.

Baba Bianca yuko kazini, simu Bianca kaimaliza chaji kwa katuni. Nikafuata saa ya jiko. Basi, upepo, madimbwi ya theluji iliyoyeyuka. Nafika kanisani nane kasoro kumi, najipongeza — watu wanatoka! Kumbe jana usiku saa zote zimesogezwa mbele saa moja, kama wafanyavyo huku kila Machi. Mwaka wa sita niko nchi hii na bado wananishika.

Bosibori alikuwa keshaondoka. Nilitaka kugeuza kigari, ila Koku akataka kunyonya. Nikashuka chini kwenye ukumbi. Kikongwe mmoja anaosha vikombe peke yake, Mhindi Mgoa, sweta la kijani. Bila kugeuka akasema, "Wewe nachelewa, mama. Misa nakwisha. Lakini chai iko."

Kiswahili hicho! Anaitwa Dulcie, alizaliwa Kampala, ana miaka themanini na moja. Akamchukua Koku kama mzigo wake uliokuwa umepotea. Akamminya mkono Bianca, akasema hana nyama. Bianca akamjibu kwa Kiingereza kwamba yeye si chakula.

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu alikuwa anaendelea kuosha. Nikamwambia habari ya bafu na simu. Akasema walifukuzwa Kampala, Wahindi wote, mwaka sabini na mbili, baba yake kazikwa kule, kaburi hajaliona tena. "Mimi nakasirika na Mungu miaka saba."

"Ukaacha kanisa?"

"Hapana! Nitakasirika na yeye niko nyumbani? Kila Jumapili nakuja, namwambia hapahapa."

Kisha akanipa kitambaa nifute vikombe. Arobaini na vitatu. Sikusali. Nimefuta vikombe tu. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua badala ya theluji. Koku kalala masaa manne mfululizo. Manne! Natafuta wa kumshukuru.

Ijumaa, 27 Machi

Leo. Mungu wangu. (Nimeandika hivyo bila kufikiri. Sifuti.)

Saa sita mwalimu wa Bianca kapiga simu. Sauti ya mtu anayebeba mayai. Je, ninajua kwamba mtoto kaja na wadudu kwenye chakula? Na kwamba amewagawia wenzake? Watatu wamekula, mmoja ameomba tena. Hakuna aliyeugua, ila kuna taratibu za mzio, mama, tafadhali.

Nikakimbilia friza. Kopo halipo. Kipande cha kanga kiko kwenye sinki, kimelowa.

Nikamwamsha Baba Bianca, maana ndiye aliyemfungia mtoto chakula alipotoka zamu ya usiku. Kashtuka, akajitetea nusu usingizini: leo Ijumaa ya Kwaresima, nyama hairuhusiwi, mayai yameisha, akaona senene. "Senene si nyama, Mama Bianca. Senene wako upande wa samaki."

"Samaki gani ana mabawa?"

"Sasa nyama gani inaruka?"

Sikucheka. Nilimwambia lile fundo Mama alilifunga mwenyewe. Akakaa kitandani, uso ukamsawijika. Hakujua. Sikuwahi kumwambia, nilimwambia Bosibori. Hilo ni kosa langu.

Nikamfuata Bianca shuleni. Njiani nimepanga maneno makali. Yeye akanitolea kopo kwenye begi, nusu limebaki, akaeleza kwa Kiingereza chake, haraka haraka: amewaambia wote kwamba bibi yake aliwapika hawa kwa mkono, bibi yuko kwa Mungu, lakini chakula alikiacha. Toka Desemba mtoto huyu hajamtaja bibi. Nilidhani amemsahau. Kumbe alikuwa anaogopa mimi nisilie.

Tukakaa kwenye benchi, jua linapiga, theluji imebaki rundo moja jeusi karibu na uzio. Nikala senene mmoja kwa hasira. Halafu wa pili bila hasira. Chumvi ya Mama ileile, amezidisha kidogo, kama kawaida yake. Nikasema asante. Kwa sauti. Bianca akaniuliza namwambia nani. Nikamwambia kula.

Jumapili, 29 Machi — Matawi

Leo nimewahi. Nimebeba kopo, maana kesi ya senene imefika mbali: Baba Bianca na Bosibori wamebishana kwenye lifti mpaka ikapita ghorofa yake. Padri Vernon akaombwa aamue. Mgoa naye, kijana, kazaliwa hukuhuku. Akachungulia kopo. Akasema Kwaresima ni ya kujinyima, na yeye kujinyima hao hakutamsumbua hata kidogo. Mama Dulcie akachota kiganja kizima mbele yake.

Nikamvuta padri pembeni. Nikamwambia wazi: mtoto wangu Koku amebeba jina la mama yangu, Leokadia Kokushubira. Nataka abatizwe. Lakini neno nasadiki likikataa kutoka, silisukumi.

Nilingoja hotuba. Akasema, "Likikataa, kaa kimya. Mimi nitasimama hapo na maji, nitakungoja."

"Mbele ya watu wote?"

"Misa ya Pasaka ni ndefu. Wamezoea."

Jumapili, 5 Aprili — Pasaka

Naandika ukumbini chini, mapajani, Koku ananyonya. Dakika kumi tupande. Gauni jeupe katuazima Bosibori, linatosha watoto wawili. Kile kipande cha kanga nimekifua. Nimejaribu kurudisha fundo la Mama, halirudi. Basi nimekizungushia mshumaa wa mtoto, nta isimwagikie mkono. Fundo langu. Linashika.

Senene wamebaki watano. Baada ya misa, mmoja mmoja. Mama Dulcie anasema yeye ahesabiwe wawili.

Nimelijaribu lile neno peke yangu, chooni, bomba nimefungua. Nusu ilitoka. Sijui nusu nyingine iko wapi; nimefunga bomba, nimetoka.

Koku kashiba. Juu wanajaribu maikrofoni. Padri Vernon anafanya mazoezi ya majina. Leokadia kaliweza. Kokushi — hapana. Kokushumbi — hapana, Padri! Ukumbi mzima unasikia. Bianca anacheka amejikunja. Anarudia tangu mwanzo, taratibu, anakwama palepale. Hakati kama ile simu. Ananisubiri.

Acha nipande nikamtamkie mimi, jina lote, mpaka mwisho.