Mawe Yaliyonuka Samaki

Jumatatu, 7 Agosti

Navunja mawe ya chokaa tangu asubuhi. Mgongo unalalamika. Katekista Paulo anataka chokaa ya kupaka kigango, kanisa letu dogo, Ijumaa, maana Jumapili padri anakuja kubatiza. Nikichelewa atanunua ya mfuko. Maduka ya Bariadi siku hizi yana kila kitu, na wateja wangu wote wamehamia huko. Amebaki yeye tu. Kuni nazo zimebaki mkokoteni mmoja na nusu.

Jumanne, 8 Agosti

Tanuru limenichanganya. Mkokoteni mzima wa kuni umeisha. Mawe ya kushoto yameiva mapema. Ukiyamwagia maji yanafoka mvuke na kuwa unga. Ya kulia, moto uleule, bado mawe. Nilifundisha kemia miaka mingi kabla sijapunguzwa kazini. Niliandika ubaoni: kaboneti ya kalsiamu ukiipa joto kali, hewa ya ukaa inatoka, chokaa inabaki. Ubao haukuwahi kunibishia.

Kabula, mke wangu, akachungulia. "Labda mawe nayo yamepunguzwa kazini, Mwalimu."

Nimekasirika. Nikacheka. Nikakasirika tena.

Jumatano, 9 Agosti

Sielewi. Mawe yote ya kilima kimoja.

Kabula ndiye aliyekumbuka: ya kushoto yalikuja na mkokoteni wa shemeji Masanja, uliotoka kubeba samaki wa chumvi kutoka Lamadi. Yalilowa maji ya samaki. Kweli, yalinuka.

"Mimi natia magadi maharage yaive haraka. Wewe umetia chumvi."

Nimemwambia jiwe si harage. Akauliza, sasa ni nini? Chumvi haigeuki chokaa. Sasa mle ndani inafanya kazi gani?

Alhamisi, 10 Agosti

Nimeloweka mawe yaliyobaki kwenye pipa, nikatia debe zima la chumvi ya ng'ombe. Kipimo? Macho. Mwalimu wa kemia huyo.

Nusu mkokoteni wa kuni, na saa kumi jioni yote yameiva. Nimefurahi. Pia naogopa. Sijui nimefanya nini.

Jumapili, 13 Agosti

Kigango, kilichopakwa chokaa yangu Ijumaa, kilikuwa cheupe hadi mahubiri. Kisha tukasikia kitu kinakwaruza nje. Ng'ombe wa Masanja, kumi na zaidi, wamejipanga ukutani wanalamba. Ukuta mzima ni chumvi! Masanja akawafukuza, wakarudi. Watu walicheka mpaka watoto wa kubatizwa wakaamka wakalia. Padri naye alicheka. Katekista Paulo hakucheka. Aliniangalia tu.

Nina aibu. Na bado sielewi yale mawe.

Jumatatu, 14 Agosti

Katekista ameniachia brashi na chokaa ya mfuko mlangoni pa kigango. Nimekwangua, nimepaka upya, kuanzia chini hadi pale ulimi wa ng'ombe unapofika. Inashika vizuri, lazima niseme. Nimemaliza saa tisa. Hakuna aliyekuja kuangalia.