Makosa Kumi na Moja

Kensington, Johannesburg
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Perpetua,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, na kwa mikono yako namshika Mama miguu. Macho yake yanaendeleaje? Ulisema kwenye simu kwamba jicho la kulia sasa linaona mwanga tu. Na goti lako? Na lile paa la jikoni, shemeji amekwisha kuliezeka, au bado mnapikia chini ya turubai?

Sisi hapa tu wazima wa mwili. Baridi imeanza kupungua. Binti yangu Agnesi anafundisha chuoni kule Doornfontein kama kawaida, mumewe Ilunga anashona, na Lusia wao ametimiza miaka tisa na kung'oka jino la pembeni. Mimi nakula, nalala, nasoma. Nasema wazima wa mwili kwa sababu barua hii haihusu mwili.

Kabla hujaendelea, kaa karibu na Mama. Kama kuna wageni, subiri waondoke. Kisha umsomee yote, bila kuruka na bila kulainisha. Nakujua, unapenda kulainisha.

Barua nne ambazo Mama amezipokea kutoka kwa kitukuu wake hazikutungwa na Lusia. Nilizitunga mimi. Mwandiko ni wa mtoto, hilo ni kweli. Siku za Jumamosi alasiri nilimwandikia rasimu kwa penseli, naye alinakili herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayechora ua. Hakujua maana ya hata sentensi moja. Lusia hazungumzi Kiswahili nami. Kwenye simu husema, "Shikamoo, Bibi Mkubwa," kisha mimi huichukua simu na kusema kwamba anakwenda kuoga. Hakuwa anakwenda kuoga.

Umeniambia kwamba Krismasi hii, tutakapofika Muheza, Mama atauita ukoo mzima ili Lusia asimame na kuzisoma barua zake mbele ya watu. Hawezi, Perpetua. Ataweza kuzitamka kwa kubahatisha, na akiulizwa swali moja tu atakwama, na watu watamcheka yeye kwa kosa lililo langu. Ndiyo sababu naandika sasa, kabla Mama hajamtuma mtu kukodi viti.

Ningependa kusema kwamba nimeungama kwa hiari. Sikuungama kwa hiari. Nilifumaniwa, tena mbali sana, kwenye kisiwa cha Krete.

Utakumbuka kwamba Agnesi alialikwa na chuo kimoja cha kule kwenda kusoma makala yake. Akatuchukua sote. Siku alipopata nafasi tulikwenda kutazama magofu ya jumba la kifalme la Knosos, lililojengwa na watu waitwao Waminoa, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Nilivaa koti na tai. Usifikirie nyumba. Fikiria kilima kizima cha kuta zinazokufika magotini, vyumba vilivyoshikana hata hujui umetokea wapi, na ngazi zinazopanda kisha zisifike popote. Kuna mitungi ya udongo inayonizidi kimo, ya kuwekea mafuta na nafaka. Chini ya sakafu kuna mifereji ya maji machafu, ambayo Ilunga aliiinamia na kuitazama kwa muda mrefu. Juu kuna misonobari, na tausi wanatembea huru kati ya wageni.

Mahali pengine zimesimama nguzo nyekundu, nene juu na nyembamba chini. Nilizipenda sana. Nikamweleza Lusia, kwa Kiswahili cha polepole na cha sauti kubwa, jinsi mafundi wa kale walivyozichonga. Lusia alikuwa akitazama tausi. Ilunga akaigonga nguzo moja kwa kifundo cha kidole.

"Baba, hii iko betoni," akasema.

"Ni saruji," nikamjibu. "Na useme 'hii ni'."

"Ndiyo, Baba. Ni saruji."

Msichana aliyekuwa akituongoza akamwomba asiguse, kisha akathibitisha: aliyechimba magofu alizijenga nguzo zile upya kwa saruji na kuzipaka rangi, akikisia zilivyokuwa zamani. Kumbe nilikuwa nimemsahihisha mtu aliyesema kweli, baada ya mimi mwenyewe kumweleza mtoto uongo kwa sarufi safi.

Hapa inanilazimu nimweleze Mama habari za Ilunga. Anajua kwamba ametoka Lubumbashi. Kiswahili chake ni cha kwao. Nilipohamia hapa miaka minne iliyopita, baada ya kumzika mke wangu, siku ya kwanza nilimsikia akimwita mtoto mezani: "Lusia, kuya ule." Nikamwambia kwamba hakuna neno "kuya", neno ni "njoo". Baada ya wiki chache nikamwomba asimharibie mtoto lugha, aniachie mimi mwenye taaluma. Akakubali kwa heshima, akahamia Kiingereza. Agnesi naye akahamia Kiingereza, maana naye nilikuwa nikimrudisha kila alipochanganya. Nikabaki peke yangu. Na kila Lusia alipofungua kinywa, nilimkatiza. Akisema "kitabu yangu," nilimfanya arudie "kitabu changu" mara tatu. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, hakukifungua tena. Ndipo ulipoandika kwamba Mama anauliza kama kitukuu wake anajua kuandika, nami nikaona aibu kujibu ukweli. Mwalimu wa Kiswahili kwa miaka thelathini na mbili, na mjukuu wake bubu wa Kiswahili! Nikachukua penseli.

Turudi Knosos. Tulipofika kivulini, yule msichana alitutolea picha ya kibao cha udongo kilichojaa alama ndogondogo. Akasema kwa Kiingereza kwamba watu hawa waliandika. Maandishi ya baadaye yamesomeka, lakini haya ya zamani zaidi hakuna aliyeyafumbua. "Sauti zake tunaweza kuzikisia," akasema. "Tunaweza hata kuyanakili yote bila kukosea. Yanasema nini, hatujui."

Lusia akanyoosha mkono kama yuko darasani. Nakutafsiria maneno yake jinsi alivyoyasema: "Hata mimi nafanya hivyo! Babu ananipa barua za Bibi Mkubwa, nazinakili zote bila kukosea, na sijui zinasema nini."

Hakuwa akinishtaki. Alifurahi kupata la kuchangia. Watalii wawili wakacheka. Msichana naye akacheka, kisha akanitazama usoni, akaacha.

"Barua gani, Baba?" Agnesi akauliza.

Yeye alidhani zile Jumamosi zilikuwa masomo. Ilunga akamshika mtoto mkono na kumpeleka kando, na mimi nikamweleza binti yangu palepale, karibu na mitungi, nikiwa na tai shingoni.

"Bibi anasomewa hizo barua?"

"Anasomewa."

"Na anaamini ni Lusia?"

"Anaamini."

Akakaa juu ya jiwe. Kisha akasema, "Baba, nilipokuwa mdogo Bibi alikuwa haishiwi maneno. Anaongea na kuku, anaongea na sufuria. Unajua aliacha lini kuongea mbele yako?"

Nikasema sijui.

"Siku ya wageni wako wa shule. Alitoka akawaambia, 'Karibuni, viti hizi hapa.' Ukamwambia mbele yao, 'Hivi, Mama. Viti hivi.' Akarudi jikoni. Mimi nilikuwa nimeshika trei ya vikombe, Baba. Nilimwona uso."

Perpetua, nilikuwa nimesahau. Miaka yote hii Mama akikurudishia wewe simu baada ya "haya, mwanangu" mbili tatu, nilifikiri simu inamchosha.

Tukiwa bado hatujanyanyuka pale, nilimsikia Ilunga akiita: "Kuya, Lusia! Kuya uone!" Tausi dume alikuwa amepanda juu ya ukuta wa jumba. Na mtoto akaja mbio, akasema bila kufikiri:

"Papa, iko na mukia murefu! Njo mwanaume?"

"Njo mwanaume, ee. Mwanamuke haina mukia hivi."

"Tumupelekee Mama Bea, ashone robe!"

Ilunga akacheka mpaka akashika kiuno. Mama Bea ni fundi mwenzake kwenye karakana yao ya kushonea, Rosettenville, robe ndilo neno lao la gauni, na njo yao si njoo, ni ndiye. Nilielewa kila neno. Miaka minne niliamini kwamba mtoto huyu hana Kiswahili. Alikuwa nacho. Alikipata kati ya cherehani za baba yake, kila alipotoka shuleni, akanificha mimi tu.

Na unajua nilifanya nini? Mama asisikie kutoka kwa mtu mwingine. Nilisema, "Ana. Tausi ana mkia mrefu."

Lilitoka lenyewe. Dakika chache tu baada ya yote niliyoambiwa. Lusia akageuka, na furaha yote ikamtoka usoni. "Sori, Babu," akasema, akaenda kusimama nyuma ya baba yake. Ilunga alimwekea mtoto mkono kichwani, wakaendelea kumtazama tausi. Heri angenikaripia. Nimeishi miaka sabini na moja nikiona aibu kwa makosa ya watu wengine. Siku ile niliionja aibu yangu mwenyewe.

Tuliporudi hapa nilimwomba Ilunga ruhusa ya kwenda naye karakana siku za Jumamosi. Alifikiri namtania. Sasa nimekwenda Jumamosi mbili. Ni chumba kimoja chenye cherehani tatu, pasi inayovuja maji na benchi. Mama Bea, ambaye ametoka Bukavu na hushona nguo za harusi, alinitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, leo umekuya kutupa sufuri?"

"Nimekuja kukaa tu, mama."

"Ukae basi. Lakini ukisahihisha mutu hapa, utashona bifungo."

Wote wakacheka, na Ilunga akajifanya anatafuta mkasi. Jumamosi ya kwanza nilishona vifungo vya mashati mawili. Jumamosi ya pili, kifungo kimoja.

Lusia mwanzoni alikuwa akiniangalia tu. Jana, karibu na saa saba, alisahau kwamba nipo. Akawasimulia jinsi gari la shule lilivyozimika kwenye roboti, ambazo ndizo taa za barabarani kwa watu wa hapa, na dereva akawashusha watoto wote wasukume. Niliuma uzi kwa meno mpaka alipomaliza.

Baadaye nilimwambia kwamba nilikosea kumwandikisha maneno yasiyo yake, na kwamba nitamwandikia Bibi Mkubwa ukweli wote. Niliyasema kwa Kiswahili, naye aliyaelewa. Akauliza, "Bibi Mukubwa atanikasirikia miye?"

"Hapana. Akikasirika, atanikasirikia mimi."

Akafikiri kidogo, kisha akaomba karatasi.

Kabla sijasahau: katika barua ya tatu niliandika, kwa jina la mtoto, kwamba anapenda sana papa mkavu. Mimi ndiye nipendaye papa. Lusia hali samaki wa aina yoyote. Mama asihangaike kumwagiza.

Nisalimie shemeji, na umwambie nitamletea misumari ya bati aliyoniomba. Nisalimie binti yako mkubwa na mtoto wake mchanga. Msalimie katekista wetu. Na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyeibandika barua ya pili ukutani iwe mfano kwa darasa la sita, umsalimie kwa heshima na umwombe aibandue. Umweleze sababu. Usimwambie imehitajika nyumbani.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili. Hiyo ni ya Lusia. Aliiandika kwenye meza ya kukatia vitambaa, nami nikiwa upande wa pili na sindano yangu. Sitanakili hapa hata mstari mmoja, kwa sababu mkono wangu utaunyoosha njiani. Ina makosa kumi na moja. Nimeyahesabu mara mbili. Hilo sikuweza kujizuia. Sikuyagusa. Mle ndani anamuuliza Mama kuku wake wana majina gani. Barua zangu nne hazikumuuliza Mama kitu.

Akianza kujibu, Perpetua, usiandike kama nilivyokufundisha. Andika kama anavyosema. Na siku tutakapofika Desemba, mwombe atoke mlangoni, mbele ya ukoo wote na mbele yangu, anikaribishe kama alivyowakaribisha wageni wangu siku ile: viti hizi hapa.

Nitakaa.

Kaka yako,
Samweli