Kigae cha mtungi ndani ya tangi

Jumapili, Awindiri

Na bado mkono wangu unanuka maji ya tangi la samaki.

Tangu niwatie wale samaki wa manjano, sikilidi, pamoja na uduvi wangu, uduvi wamekuwa wakipungua. Wiki hii sikumwona hata mmoja. Kosa ni langu. Sikilidi ni ndugu wa ngege, nilijua wanakula chochote kinachoingia mdomoni.

Leo narudi kutoka kanisani, nakuta shangazi Zainabu, mgeni wangu kutoka Koboko, amezamisha tangini kigae cha mtungi wangu uliovunjika. Maji yote tope. Nilikasirika, ila shangazi humfokei. Nikamuuliza tu kwa nini.

Akaendelea kuchambua maharage, akajibu kwa Kiswahili chake cha Koboko. “Wakubwa na wadogo iko nyumba moja, mlango hakuna. Wadogo nalala wapi?”

Kwake vifaranga huwekewa kigae hivyo hivyo, wajifiche mwewe akipita. Nikamwambia wadogo wameshaliwa.

“Iko. Mimi naona asubuhi.”

Alipoenda kuswali alasiri nikaingiza mkono nikitoe. Nikakiinua kidogo. Chini yake uduvi walikuwa wamebanana, mmoja amebeba mayai tumboni. Sikilidi mkubwa alikuwa akisukuma mdomo kwenye upenyo, hapiti.

Nikakirudisha polepole. Mungu wangu, asante. Hata kwa mtungi kuvunjika, asante.

Nikampelekea shangazi chai, sukari nyingi kama anavyopenda. Nilitaka kumwomba radhi, sijui nianzie... Akapokea kikombe.

“Wadogo nalala?”

“Wamelala, shangazi.”