Uzi Chini ya Ulimi

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya kumi na tisa. Hashimu kanyonya tangu adhuhuri mpaka karibu magharibi na bado analia njaa! Anashika ziwa, analiachia, anashika, anaachia — tak, tak, tak. Chuchu ya kushoto imepasuka, damu kwenye kanga. Na mimi nalia naye. Mwalimu wa baiolojia mzima!

Mama kashuka jana kutoka Kinole na ndizi, pilipili manga ya uji wangu, na uamuzi wake. Kamfungua mtoto mdomo mara moja tu: kimeo. Kile kinyama cha kooni kimerefuka, ndicho kinachomzuia, kikatwe. Anamjua mzee mmoja huku huku Kihonda, kakata nusu ya watoto wa ukoo wetu. Nimesema hapana. Kaendelea kumenya ndizi.

Jumatatu, 14 Julai

Kliniki. Alizaliwa na kilo tatu nukta mbili. Leo mbili nukta tisa. Nesi wa mizani kaniambia nile vizuri, ninywe uji. Uji! Nimejaa uji mpaka kooni. Nilishafunga kadi nitoke, nikarudi. Nikakaa kwenye benchi, nikasema siondoki mpaka mtu amtazame akinyonya.

Akaja Sista Felista, mkunga mtu mzima. Akasikiliza kwanza ile tak tak. Kisha akaunyanyua ulimi wa Hashimu kwa kidole, akaniita nione: utando mwembamba kama uzi, umeufunga ulimi chini, ncha haifiki hata kwenye midomo. Kimeo chake hakina shida, kasema. Ni huo uzi. Alhamisi daktari yupo hospitali, ataukata kwa mkasi, dakika moja, halafu ziwa hapo hapo. Mpaka siku hiyo nikamue, nimnyweshe kwa kikombe.

Nimefurahi! Kufika nyumbani nimeanza kuogopa.

Jumanne, 15 Julai

Mama kacheka mpaka kajifuta machozi. Kumbe hospitali nao wanakata! Mzee wake akikata ni ushamba, daktari akikata ni elimu? Nikamjibu vibaya. Nimemwambia atamuua mjukuu wake. Nimelisema hivyo hivyo. Katoka uani kuanua nepi ambazo hazijakauka.

Selemani kapiga simu kutoka Dakawa. Mpunga unavunwa, hatoki mpaka Ijumaa. Anasema tusikilizane. Asante, baba Hashimu!

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kuoga. Dakika kumi tu. Natoka — kitanda kitupu, mbeleko haipo, Mama hayupo! Nilikimbia na ndala mguu mmoja. Nimewakuta kwenye kona ya msikiti, Mama kasimama, mtoto kifuani, haendi wala harudi. Nikafungua mdomo nipige kelele. Kaniwahi: mlango wa yule mzee ni ule pale, mwanangu, nimeshindwa kubisha.

Tumerudi nyumbani. Jikoni ndipo akanieleza. Na wewe ulilia hivi hivi, kasema. Nilikushika kichwa mwenyewe, mzee akakata kimeo, damu ikatoka siku mbili. Na bado hukunyonya. Kanilea kwa uji mwembamba na maziwa ya mbuzi, na majirani wakasema maziwa yake mabaya.

Nimekwenda kwenye kioo na tochi ya simu. Kimeo sina, hilo nilijua. Nikanyanyua ulimi. Uzi upo! Mfupi, mnene, miaka thelathini na moja. Ndiyo maana sijawahi kulamba aiskrimu ya koni kama wenzangu — nilijiona mzembe tu. Nikamwita Mama. Kamulika, kamulika tena, kazima tochi.

"Kumbe maziwa yangu hayakuwa na kosa."

Sikujua kama ananiuliza. Nimemkumbatia, naye kaniambia nimwache, ndizi zinaungua.

Alhamisi, 17 Julai

Benchi la hospitali. Naandika huku tunangoja kuitwa. Nilimwomba Mama amshike Hashimu kichwa wakati wa kukata, mimi siwezi. Kakataa. Alishashika kichwa kimoja, hashiki cha pili. Basi ni mimi.

Maziwa yamelowesha blauzi na mtoto hata hajalia. Mama kampakata, kampa kidole anyonye. Tak, tak.

Nesi kaita: Hashimu Selemani! Nimesimama, nimenyoosha mikono. Mama haachii. Ananiuliza kama mkasi wao huwa wanauchemsha. Mzee hakuwahi kuchemsha kisu chake, kasema, na yeye hakuwahi kuuliza. Nimemwambia sijui, Mama. Nesi kaita mara ya pili. Mama kanyanyuka na mtoto wake — wangu! — kapita mbele, kaingia, mlango umejifunga. Namsikia ndani, hata salamu hakungoja: huo mkasi mmeuchemsha lini, nionyesheni. Na mimi bado niko nje na kalamu!