Bakuli Nililomjazia Mdogo Wangu

Shemeji Paulina,

Nakusalimu kutoka Arusha. Mlima Meru umejifunika mawingu na baridi inang'ata. Jana nilikimbia zile mbio ndefu, kutoka mjini mpaka Ngaramtoni. Niliwapita watoto wa miaka hamsini wakihema kama ng'ombe wa mnadani, na watu waliona. Ila nilipofika nikasimama ghafla, kichefuchefu kikanikaba, nikatapika mbele ya umati.

Nesi akaniuliza, "Shikamoo babu, asubuhi ulikula nini?"

Nikajibu kwa kiburi, "Ugali na maziwa mgando, bakuli zima. Chakula cha wanaume!"

Akacheka. "Basi ndicho hicho kimerudi. Tumbo likijaa halafu ukalikimbiza, linakataa. Wengine ni kukosa maji, wengine kusimama ghafla kama wewe. Si unyonge, babu."

Si unyonge! Shemeji, unakumbuka marehemu mume wako alivyotapika kila tulipomaliza kukimbia? Ni mimi kaka yake niliyemjazia bakuli lile kila alfajiri, nikamsimamia mpaka alimalize. Kisha nikamwita tumbo la kitoto mbele za watu, mpaka akaacha mbio alizozipenda. Mimi bakuli kama lile lilitulia tumboni, nikadhani nimemzidi uanaume.

Nenda kaburini umsomee kadi hii kwa sauti, neno kwa neno. Nikirudi huko Mbulu sitaweza kuyasema haya, unanijua nilivyo.

Mungu akulinde wewe na wajukuu.

Shemeji yako,
Danieli