Nilichagua Upole

Jumatatu, 2 Machi 1931
Nimelitimua tena dume la ng'ombe la jirani yangu Okech. Linaruka ua kila jike langu linapotaka dume. Dogo, mbavu nje, pembe kama sindano. Nimelipiga mawe mpaka mtoni. Okech anacheka tu, ati damu haichaguliwi. Ya kwake labda. Yangu nimeichagua tangu nilipotoka vitani. Kila dume dhaifu nimelihasi. Kila kali nimelihasi. Nimebaki na Rabuor, mwekundu, mgongo mpana, watoto wanapita chini ya tumbo lake na hata mkia hatikisi. Sulemani, mchinjaji wa Kisumu, alimshika paja akanyamaza. Mtu yule hanyamazi bure.

Alhamisi, 5 Machi
Nimemhasi mwana wa mwisho wa Rabuor. Mke wangu Miriamu alisema nimwache awe akiba. Nikamkaripia. Dume la pili la nini? Lipande dada zake, ligombane na baba yake? Atavuta plau. Amelia kutwa nzima huko zizini. Mimi nimekula vizuri.

Jumamosi, 14 Machi
Baba mkubwa amefariki. Kaka yangu Odera anataka Rabuor aongoze ng'ombe wa ukoo siku ya kufukuza kifo. Akifa mzee, madume hukimbizwa hadi mpakani kwa ngoma na mikuki, kisha hurudishwa nyumbani kwa marehemu. Majirani nao huleta yao. Nimekataa. Nimesema mimi mtu wa kanisa. Uongo mtupu, kanisani nimeenda lini? Namwogopea fahali wangu, basi.

Jumapili, 15 Machi
Odera amerudi na wazee. Akasema mbele ya wote: "Unafuga fahali ama bibi arusi? Nyanya wa fahali huyo ulipewa na nani, kama si marehemu?"
Kweli tupu. Ng'ombe wangu wa kwanza alitoka mkononi mwa baba mkubwa, nikiwa sina hata kuku. Nimekubali. Na kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilitaka pia wamwone. Watu wote kuanzia Sondu mpaka ziwani wajue fahali ni nini.

Jumanne, 17 Machi
Walimfunga majani kwenye pembe. Alipotokea, watu walimpisha njia. Nilijisikia chifu.
Kisha dume la Okech likatoka kwenye vumbi. Rabuor akalitazama, akainama kula nyasi. Hakujua ugomvi ni nini. Pembe iliingia chini ya mbavu, matumbo yakatoka. Hakupigana hata kidogo. Aligeuka akanitafuta mimi.
Nimemchinja mwenyewe. Sikutaka mkono mwingine.

Jumatano, 18 Machi
Waombolezaji wamekula. Wanasema hawajawahi kuonja nyama laini namna hii. Wananishika mkono, wananipa hongera. Hongera! Odera ameniletea nundu kwa heshima. Nimewatupia mbwa.
Namchukia Odera. Namchukia Okech. Marehemu pia, Mungu anisamehe. Lakini kisu cha kuhasi kilikuwa changu. Mwaka baada ya mwaka niliondoa ukali. Nikaupata huo upole.

Jumapili, 29 Machi
Sikulala. Sotoka ya mwaka jana iliua ng'ombe, ikaniachia majike matatu tu. Mmoja, Achupa, ana mimba ya Rabuor. Akizaa dume, naanza upya. Akizaa jike, sina dume la kumpandisha. Miriamu ameenda kanisani kuomba. Nimemfuata.

Jumamosi, 11 Aprili
Achupa bado. Kiwele kimejaa. Mvua. Nimemfokea Miriamu kwa sababu ya chumvi. Si chumvi.

Jumatatu, 20 Aprili
Amezaa alfajiri. Jike. Mgongo wa baba yake kabisa. Miriamu alimkausha ndama kwa majani, na ningeshukuru kama angenitukana.
Tulimtoa yule maksai mchanga, mwana wa Rabuor, kumfundisha plau. Nyuma yake ndipo nilipoona vizuri. Mgongo ule ule. Nilishindwa kushika mpini, nikasema tumbo linauma.
Jioni dume la Okech limesimama nje ya ua. Jike jeusi linataka dume. Nilikuwa nimeshaokota jiwe. Nimeliweka chini. Nimeondoa miti ya lango lipite, nikaingia ndani kunywa uji.