Beti ya Tatu ya Wimbo wa Baba

Jumatatu, 5 Oktoba 1970

Kaka yangu Yaarub kenda kazini, gitaa lake kaliacha. Basi langu! Wenyeji wa hapa Matrah wanasema miezi michache nyuma, kabla Oman haijapata Sultani mpya, lingetuletea askari mlangoni. Sasa ruhusa. Nimefunga dirisha hata hivyo.

Wimbo umetoka. Rock ya polepole, kama zile sahani za santuri tulizokuwa tukizipiga tulipokaa Dubai, lakini kwa Kiswahili. Wa Baba. Alitoka asubuhi ile ya mapinduzi Unguja, Januari 1964, kwenda kumtazama bibi Ng'ambo, hakurudi mpaka leo.

*Kofia i juu ya redio,
chai inapoa,
ulisema narudi sasa hivi.*

Beti mbili tayari. Ya tatu imenishinda. Ama atarudi, ama hatarudi – hakuna ya katikati.

Alhamisi, 15 Oktoba

Ami Sleyum, nduguye Baba, kaja tena. Kamwambia Mama aende kwa kadhi, mume amepotea karibu miaka saba, akae eda, avue dhahabu zake kama wajane wote, mambo yamalizike. Mama hakunyanyua hata macho. "Nani kamuona kafa? Nani kamkosha? Mie mke wa mtu, Sleyum." Ami akanywa kahawa yake akaondoka.

Jioni nimemwimbia Yaarub. Kaniambia hajapata kusikia wimbo kama huo. Anataka kuuimba harusini kwa Mahbuba, jirani yetu. Nimemwambia sawa, lakini uimbe ulivyo. Kaapa!

Jumamosi, 24 Oktoba

Mwongo! Mwongo mkubwa!

Harusi ilikuwa juzi. Sisi wanawake juu, wanaume uani. Yaarub kaanza, mahadhi yangu, maneno yangu – na mahali pa "baba" katia "mpenzi". Kila mahali! Baba yetu kafanywa kijisichana kilichomwacha mtu Dubai. Na vigelegele juu yake. Wasichana wanalia, wanaulizana ni nani huyo asiye na huruma. Kheiria, dada yake bi harusi, kanishika mkono: kaka yako ana moyo, jamani, katunga mwenyewe? Nilitaka kumng'ata.

Mama alikuwa karibu yangu. Anacheka, anapiga makofi. Mwanangu huyo, anawaambia watu.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimemvaa Yaarub asubuhi, kabla hajavaa viatu. Nimemwita mwizi. Kaniachia nikamaliza, kisha:

"We ulitaka n'mwambie Mama mumewe kafa? Kwa gitaa, mbele ya watu?"

"Sikusema kafa!"

"Basi umesema nini? Hiyo beti ya tatu inasemaje, Muhsina?"

Nimebamiza mlango mpaka chokaa ikadondoka.

Ana haki kidogo. Ndiyo inayoniudhi zaidi. Lakini kama alitaka kumsitiri Mama, mbona alipoulizwa nani katunga alisema "mimi"? Hapo alikuwa anamsitiri nani?

Jumanne, 10 Novemba

Ramadhani. Gitaa limefungwa shuka. Yaarub simsemeshi, namsukumia sambusa zake tu. Wimbo umemshinda kila mtu kuunyamazisha – muuza tende anaupiga mluzi. Akifika pa "mpenzi" nageuza njia.

Jumatano, 9 Desemba

Watu wa redio wanautaka. Wanakuja kumchukua Yaarub leo saa kumi. Wimbo mfupi, wamesema, uongezewe beti. Mgema kasifiwa! Siku tatu ananifuata jikoni: dada yangu, beti moja tu, itie mpenzi, nitakununulia chochote. Jina langu litatajwa? Hapana, kasema, jina la mtoto wa kike halitangazwi kwa watu. Nimemwambia aitunge mwenyewe, si ndiye fundi? Hawezi. Hawezi hata mstari.

Na mimi ninayo. Nimeiandika jana alasiri, kwa hasira, kwa pumzi moja. Hatarudi. Inasema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Sikulia. Niliona haya tu kwamba miaka yote hii nilijua.

Saa tisa unusu. Mama kaingia, kafunga mlango, kakaa kwenye mkeka.

"Aliyekuwa akiweka kofia juu ya redio ni baba yako. Mpenzi gani huyo wa kike avaaye kofia? Nnajua toka siku ya harusi. Niimbie kama ulivyotunga."

Nimesema haujaisha. Kasema umeisha, nnakuona usoni.

Nimeimba. Beti ya kwanza, ya pili. Baba, baba, baba. Nyuzi zinakwaruza. Nilipomaliza ya pili nilisimama. Kaniambia endelea, mwanangu.

Nimeendelea.

Mama ana muda sasa yuko pale pale, na mimi nimeshika kalamu kwa kuwa sijui nishike nini. Gari ya redio imefika, inapiga honi. Yaarub anagonga: Muhsina, beti! Muhsina, fungua! Mama anavua bangili zake za dhahabu, moja moja, anaziweka mkekani. Ya mwisho haitoki, mkono umenenepa tangu alipovishwa. Anaivuta. Kaniambia nimletee sabuni.